Kazi Nyepesi

Inspekta Cleopa Chilongola alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, na asubuhi ile ya Juni 1975 aliigawa bila choyo. Fungu la kwanza alilipata Sajini Mathayo, aliyeweka mkebe wa bati juu ya meza ya kituo cha polisi cha Kilosa huku akitabasamu kama mtu aliyepeleka posa ikakubaliwa.

"Ndiyo sumu yenyewe, Afande. Tumeikuta jikoni kwa mtuhumiwa."

Cleopa akafungua kifuniko, akanusa, akafunga.

"Hii ni DDT. Jikoni kwa jirani yake uliangalia?"

"Hapana, Afande."

"Bwana Shamba aliigawa kijiji kizima, ya kuulia viwavi wa mahindi. Ukitaka kumkamata kila mwenye mkebe wa namna hii, kaazime mabehewa kwa watu wa reli."

Mathayo akauondoa mkebe mezani. Alikuwa kijana mrefu, buti zake ziling'aa kuliko buti zote za wilaya, na kichwani mwake, kwa maoni ya Cleopa, mlikuwa na vyumba vingi vitupu vya kupangisha.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Katika kijiji cha ujamaa cha Juhudi, kule bondeni upande wa Tindiga, watu wawili walikuwa wamekufa wakitema damu: Simoni, mkulima, na Paulina, mama wa makamo. Wa tatu, Mzee Mathias, alikuwa amelazwa Mikumi, naye akitema damu. Wote watatu walifanya kazi ndani ya ghala la mahindi la kijiji, na wote walikunywa uji wa chungu kimoja. Mpika uji, Mwanakheri, alikuwa mahabusu nyuma ya kituo. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Lukasi, alikuwa tayari kuapa kwamba alimwona kwa macho yake akitia unga mweupe kwenye kikombe cha Simoni. Sababu pia alikuwa nayo. Wakati wa Operesheni Vijiji mwanamke huyo alikataa kubomoa nyumba yake, wakambomolea, na kwa hesabu za Lukasi mtu anayekataa kuhama hashindwi kuua.

Jana yake bwana mkubwa mmoja wa Morogoro alikuwa amepiga simu. Alitaka jalada kabla ya Ijumaa, na ndani yake shitaka la mauaji, ambalo mwisho wake ni kitanzi. Hakuwa amefika Juhudi wala hakuonesha nia ya kufika. Cleopa aliwafahamu watu wa namna hiyo. Hupenda kesi iletwe mezani kama nyama iliyoiva, mifupa imeshatolewa.

"Mlete mwanamke," alisema.

Mwanakheri aliingia na pingu mikononi, kilemba cha khanga kimekaa sawasawa kichwani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba waliomzunguka ni wajinga na kilichobaki ni kujua wamezidiana kiasi gani.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa, Bi Mwanakheri. Uji wako walikuwa wanaunywa akina nani?"

"Wote wa ghalani. Vijana wanaobeba magunia na wale wanaochambua. Mimi nakunywa mwisho, na ukoko naukwangua mwenyewe."

"Uji wa mahindi ya ghalani?"

"Wa mtama, natoka nao nyumbani. Mahindi yale hata kuku simpi. Yana ukungu. Ukishika hindi moja kiganja kinatoka kijani."

"Yamepataje ukungu?"

"Yalivunwa mvua inanyesha. Sisi mahindi tunayapandisha darini, moshi wa jiko unayakausha taratibu. Mwenyekiti akasema wageni wa mkoa wanakuja kuona ghala, na ghala lazima lijae. Basi likajaa. Wageni wakapiga picha wakaenda zao, mahindi yakabaki yanaoza."

"Wabeba magunia nao wameugua?"

"Wanakohoa jioni, asubuhi wameshasahau. Waliotema damu ni wachambuzi tu."

"Kwa hiyo uliwatilia sumu wachambuzi."

Mwanakheri alimtazama bila haraka. "Afande, ningetaka kuua mtu pale Juhudi, nisingeanza na wagonjwa."

"Wagonjwa gani?"

"Hao hao. Walikuwa wagonjwa tangu kabla ya uji wangu. Simoni na Mzee Mathias walitibiwa kifua kikuu, wakapona. Paulina alikuwa na ugonjwa wa figo, uso unamvimba, akapewa vidonge, akawa anaendelea vizuri. Hospitali ikasema wasilime, wapewe kazi nyepesi. Mwenyekiti akasema kazi nyepesi ya kijiji ni kukaa chini kuchambua mahindi, mabovu huku, mazima huku. Asiyekwenda hapati mgao."

Cleopa akaweka kalamu chini. Mathayo, Lukasi na bwana mkubwa wa Morogoro, wote watatu walikuwa wametazama chungu tu. Hakuna aliyejiuliza walioketi ghalani ni watu gani na waliwekwa pale kwa sababu gani. Sumu ya chungu kimoja haiwaruki wenye afya ikawachagua wagonjwa. Hilo angeweza kuliona hata mtu aliyefunga macho, na ilimchukiza kwamba yeye mwenyewe alihitaji kuambiwa na mahabusu.

"Mwenyekiti anasema alikuona."

"Mimi sikumwona yeye."

"Sajini, washa gari. Tunakwenda Mikumi, na huyu anakuja nasi."

"Afande, kanuni za mahabusu..."

"Shahidi anatakiwa kumtambua mtuhumiwa, na shahidi wetu hawezi kusimama. Endesha."

Njia ya kupita Ulaya ilikuwa mashimo kwa mashimo, na Mathayo hakulikosa hata moja. Mwanakheri alikaa nyuma, ameshika chuma cha kiti kwa mikono yenye pingu. Walipoingia barabara ya lami ya kwenda Zambia, malori yaliwapita kwa kasi kiasi cha kulitikisa Landrova, na nyani wa mbugani walikuwa wameketi kando ya lami wakiyatazama bila kushtuka.

Hospitali ya Mikumi alikolazwa Mathias ilikuwa na daktari mmoja, Dakta Ida, mwanamke mfupi wa milimani, binti wa mchungaji. Misheni ilimsomesha, kisha Dar es Salaam, na tangu aliporudi hakuwa amemsamehe mtu yeyote kwa kutojua alichokijua yeye. Aliwapokea mlangoni mwa wodi mikono ikiwa mfukoni.

"Mimi ni Inspekta Chilongola, mpelelezi wa wilaya, na nimekuja kwa amri ya..."

"Mgonjwa yuko kitanda cha mwisho. Msimchokoze akakohoa."

Mathias alikuwa mzee mrefu aliyebaki mifupa. Pembeni yake palikuwa na bakuli lenye kifuniko.

"Shikamoo, mzee," Cleopa alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Unamfahamu huyu?"

Mzee akageuza shingo, akamwona Mwanakheri, akaona na pingu. "Wamekufunga kwa nini?"

"Wanasema nimekutilieni sumu."

"Sumu," alisema Mathias, akatulia kidogo ili avute pumzi. "Uji wa huyu ndicho kitu pekee kilichokuwa na maana pale kijijini. Nani anawapikia sasa?"

"Ulikuwa na ladha yoyote ngeni?" Cleopa aliuliza.

"Ladha ngeni ilikuwa ya vumbi. Ukivunja hindi linafuka. Tulikuwa tunatema kijani kabla hatujatema nyekundu."

"Mbona hukukataa?"

"Nikatae niitwe kupe? Mwenyekiti alisimama mkutanoni akasema anayekula bila jasho ni kupe, na kupe hupasuliwa. Mimi nililima mkonge wa Wagiriki miaka na miaka, leo nizeeke niitwe kupe."

Maneno hayo yalimmaliza pumzi. Dakta Ida akawasukuma wote hadi chumba chake, na Mathayo akabaki mlangoni na mahabusu.

"Uliza unachotaka kuuliza," alisema Dakta.

"Ni sumu?"

"Sumu gani?"

"Kulikuwa na DDT."

"DDT ingemtetemesha kama kuku aliyekatwa kichwa. Haimkalishi mtu wiki kadhaa akitema damu ya kifuani. Polisi mnasomea nini hasa?"

"Kuuliza. Basi ni kifua kikuu kimemrudia?"

"Hivyo ndivyo alivyodhani aliyempokea, kwa sababu kudhani ni rahisi. Mimi nimepima kohozi lake tena na tena, na kijidudu cha kifua kikuu sikukiona. Kwa hiyo nikaliotesha." Akateremsha chupa pana kutoka rafuni. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kiazi kilichochemshwa, nacho kimefunikwa na manyoya ya kijani yaliyofifia. "Hii ni kuvu. Ninyi mnaita ukungu."

Cleopa aliinamia ile chupa. Rangi ndiyo ile ile aliyoambiwa asubuhi, ya viganja vya wachambuzi.

"Basi tumemaliza," alisema.

"Hujamaliza chochote. Ningeotesha kohozi lako, huenda ningepata hii hii. Tunaivuta sote kila siku, mwili wenye kinga unaitoa. Kuiona kwenye kohozi ni kuona mgeni barabarani. Swali ni kama amepita au amehamia."

"Utajuaje kwamba amehamia?"

"Kwa picha ya kifua. Na filamu nilizobakiza ni chache, na barabara ile nje inaniletea waliovunjika kila wiki. Mifupa yao siwezi kuiunga kwa kukisia."

"Dakta, yule mwanamke mlangoni ananyongwa kama sina jibu."

Ida alimtazama kwa karaha ya kweli. "Na ulikuwa unasubiri nini kulisema hilo? Umeingia hapa unanitajia vyeo." Akatoka, akaita jenereta iwashwe.

Walimsimamisha Mathias mbele ya mashine, mhudumu akimshika kwapani, wakapiga picha ya kwanza. Kisha Dakta akaamuru alazwe ubavu wa kulia, wakapiga ya pili. Cleopa akauliza kwa nini wanamlaza, akaambiwa anyamaze.

Filamu zilipotoka chumba cha giza zilikuwa bado zinadondosha maji. Ida akazitundika mbele ya taa, na kando yake akatundika ya tatu, kavu, iliyoanza kujikunja.

"Hii kavu niliipiga siku niliyomruhusu, baada ya kumtibu. Ona hapa juu, pafu la kulia. Kifua kikuu kimepona lakini kimeacha shimo. Ndani mna nini?"

"Hamna kitu."

"Tupu kabisa. Sasa hii ya leo, amesimama."

Hata polisi aliweza kuona. Ndani ya shimo palikuwa na donge la mviringo, na juu ya donge mstari mwembamba wa hewa uliopinda kama mwezi mchanga.

"Na hii amelala ubavu."

Donge lilikuwa limehama. Lilikuwa limeangukia ukuta wa chini wa shimo, na ule mwezi mchanga ukahamia upande mwingine.

"Uvimbe wa saratani umeshika nyama, haubingiriki," Ida alisema. "Usaha ungetulia bapa kama maji kwenye karai. Hiki kitu kiko huru. Ni kuvu tupu, imejisuka mpaka ikawa donge, inakwaruza kuta za shimo na kuta zinatoa damu. Imehamia. Nitasema hivyo mahakama yoyote, na wakili atakayebisha nitamlaza yeye ubavu."

"Simoni alikuwa na shimo kama hili?"

"Kubwa zaidi. Yeye alipasuka mshipa mkubwa, akafa kabla hajafikishwa kwangu."

"Na Paulina? Yeye hakuugua kifua kikuu."

Dakta akainyoosha ile filamu kavu iliyokuwa ikijikunja. "Paulina alikuwa anameza prednisolone, kwa ajili ya figo. Ni dawa nzuri, lakini inaiteremsha kinga ya mwili. Kwa mtu wa hivyo kuvu haihitaji kutafuta shimo, inalichimba yenyewe. Alifika hapa siku ya mwisho na sikuwahi kumpiga picha. Kwake yeye naweza kusema nadhani. Kwa Mathias nasema najua."

"Ni wewe uliyesema wapewe kazi nyepesi?"

"Kwa mdomo wangu." Akazima taa ya picha. "Nilidhani kusuka mikeka. Kuchunga kuku. Nani anawachukua watu wenye vifua vibovu na kinga iliyoshuka anawaketisha kwenye vumbi la ukungu? Ni mjinga wa kiasi gani?"

"Mjinga au mwerevu. Hilo ndilo ninalokwenda kuliuliza. Mzee atapona?"

"Nitampeleka Dar wamkate sehemu hiyo, kama damu itamsubiri. Inspekta, pale ghalani sasa hivi wameketi akina nani?"

Cleopa hakuwa amelifikiria hilo. Alitoka mbio mbio bila kuaga, akiwa amejikasirikia, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi.

Walifika Juhudi jua lingali juu. Nyumba za kijiji zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, na mwisho wa mstari lilisimama ghala la matofali na bati, kubwa kuliko shule, halina dirisha hata moja. Aliyelichora bila shaka hakuwahi kukausha hindi maishani mwake. Mlangoni lilitoka vumbi jepesi lenye harufu ya uvundo.

Ndani waliketi watu watatu wakichambua. Mmoja alikuwa mja mzito. Wa pili alikuwa na mguu uliovimba, umefungwa kitambaa. Wa tatu alikuwa kikongwe ambaye hakusikia alipoambiwa atoke, ikabidi Mathayo amshike mkono.

Rimu ya gari iliyotundikwa mtini ikagongwa, watu wakakusanyika. Mwanakheri aliposhuka garini wakanyamaza, isipokuwa Agnesi, mjane wa Simoni, aliyetema mate chini karibu na miguu yake.

"Mnamrudisha wa nini? Amalize waliobaki?"

Mwanakheri akayaruka mate, akaendelea kutembea.

Ndugu Lukasi alikuja akiwa amevaa suti ya mikono mifupi, kalamu kadhaa mfukoni, amejipaka mafuta usoni, mwili umejaa. Alikuwa na sauti ya mkutano hata anaposalimia.

"Karibu Juhudi, Ndugu Inspekta. Naona umetuletea muuaji wetu."

"Nimemleta aoneshe alivyofanya, na wewe uoneshe ulivyomwona. Watu wote wasikie. Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Ndani ya ghala," Lukasi alisema, akageuka kidogo ili kijiji kimpate vizuri. "Niliketi kwenye kona ile, juu ya gunia, tangu asubuhi, nakagua kazi. Mimi si kiongozi wa kukaa ofisini. Huyu akaingia na vikombe, akafungua pindo la khanga, akatia unga kwenye kikombe cha marehemu Simoni. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na wewe."

"Tangu asubuhi mpaka uji unaiva?"

"Mpaka uji unaiva."

"Vizuri. Sajini, mfungue huyu mama mkono mmoja, mpe vikombe. Vijana wawili waingie wachambue kama kawaida. Na wewe, ndugu Mwenyekiti, nenda kakae palepale kwenye kona."

Vijana waliingia, wakaanza kuvunja mahindi na kuyatupa. Vumbi likainuka mpaka kenchi za paa. Lukasi akasogea hadi mlangoni, akatoa leso, akaiweka puani kana kwamba anafuta jasho.

"Naweza kueleza nikiwa hapa."

"Hapa sipo ulipokuwa."

"Ingia kwanza wewe, Inspekta."

Cleopa akaingia, akapita katikati ya lundo, akaketi juu ya gunia kwenye kona. Vumbi lilimwingia puani na likamkwama kooni, likamfanya akohoe. Alichukia kila punje yake. "Nimeshakaa," aliita. "Njoo."

Lukasi hakusogea. Watu walianza kutazamana.

"Ndugu zangu," alisema, sasa sauti ya mkutano imempungua, "kuna jambo la afya. Mimi nina pumu. Daktari wa Morogoro amenikataza vumbi la aina hii."

"Unatumia dawa?"

Lukasi akatoa kichupa mfukoni haraka, akafurahi kuwa na ushahidi. Cleopa akarudi mlangoni, akakichukua, akasoma karatasi iliyobandikwa.

"Prednisolone. Daktari alikueleza dawa hii inafanya nini mwilini?"

"Alisema inashusha kinga. Nisikae penye vumbi wala penye ukungu. Nikikaa mle hata nusu saa naweza kufa, Ndugu Inspekta, si utani."

"Tangu lini unajua hivyo?"

"Tangu mwaka jana. Tangu ghala lijae sijaweka mguu mle ndani hata mara moja, muulize yeyote."

Hakuna aliyehitaji kuulizwa. Ndipo Lukasi akayasikia maneno yake mwenyewe. Leso ikashuka kutoka puani.

"Hata mara moja," Cleopa alirudia. "Basi ile kona uliyoketi tangu asubuhi aliketi nani?"

Lukasi akakitazama kichupa mkononi mwa Inspekta.

"Paulina alikuonesha vidonge kama hivyo," alisema Mwanakheri, vikombe bado mkononi. "Nilikuwepo. Alikuomba umtoe ghalani, akasema ni dawa moja na yako. Ulimwambia nini?"

Ni Agnesi aliyejibu, akimkabili Lukasi. "Hata Simoni alikufuata akakwambia vumbi linamuua. Akarudi nyumbani akasema, Mwenyekiti ananiambia kuna watu wanashika jembe juani, nami nalalamikia kazi nyepesi." Akamsogelea. "Ulijua."

"Mlitaka nifanyeje? Mkoa mzima umeliona ghala. Niwaambie nini? Niwaambie linaua?"

"Ndiyo," alisema Cleopa. "Maneno hayo hayo. Lakini ghala likiua anaulizwa mwenye ghala, na chungu kikiua anaulizwa mpishi. Kwa hiyo ukatafuta mpishi, ukampata yule uliyembomolea nyumba. Nimewahi kukamata majambazi walioua kwa panga, ndugu Lukasi, na nilikula chakula pamoja nao kwenye gari. Wewe sitaki hata kukugusa. Sajini, mfunge."

"Kwa kosa gani? Kuwapa watu kazi?"

"Kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, na mashahidi ni kijiji kizima. Kwa hao waliokufa, nitatafuta kifungu. Sijui kama nitakipata, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu."

Mathayo, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alifanya jambo bila kuambiwa mara mbili, alimfungua Mwanakheri ile pingu iliyobaki na kuifunga kwenye mikono minene ya Mwenyekiti. Vijana wakatoka ghalani wakijikung'uta. Mtu mmoja akaufunga mlango, akaweka gogo.

Agnesi alisimama mbele ya Mwanakheri. "Nimekutukana mbele ya watu," alisema.

"Umenitukana."

"Nitakuomba radhi mbele ya hao hao."

"Sawa. Lakini si leo. Leo nimechoka."

Lukasi alipandishwa nyuma ya Landrova, kwenye benchi lile lile la chuma. Turubai lilikuwa limekunjwa, na njia ya Kilosa wakati ule wa jioni huwa na vumbi jekundu mpaka mtu hamuoni aliye mbele yake. Aliomba lishushwe, akataja pumu. Mathayo akamtazama Inspekta, na Inspekta akatazama kwingine.

Mwanakheri ndiye aliyesogea. Aliivua khanga ya mabegani, akaikunja, akaitupia mapajani mwa yule aliyetaka anyongwe.

"Jifunge pua vizuri, Mwenyekiti," alisema. "Ukifia njiani watasema ni mimi."